Kuku Aliyeelekea Kibla

Mwanahija, daktari wa mifugo, alikuwa ameshaushika mhuri. Nje ya machinjio ya Kerege kontena la baridi lilinguruma, nyama imejaa pomoni, ikingoja tu cheti cha kwamba kuku hawakuwa na ugonjwa wa mdondo. Bila cheti hicho, Maskati hawapokei hata paja.

"Gonga, daktari, tutaikosa meli," mwenye machinjio alimhimiza.

Mchinjaji, mzee aliyekunja mikono ya kanzu, alikuwa anamalizia tenga la mwisho. Alitoa kuku mmoja, akamlaza, kisha akacheka kidogo.

"Hebu tazama, mwanangu. Wenzake nawageuza kwa mkono. Huyu kajielekeza kibla mwenyewe. Subhanallah."

Mwanahija akageuka.

Shingo ya kuku ilikuwa imejisokota, kichwa kimelalia mgongo, jicho moja likikodolea dari. Mzee alikinyoosha kichwa taratibu kwa kidole gumba. Alipokiachia kikarudi palepale, kikitetemeka.

Huo ndio mdondo wenyewe.

"Usimchinje huyo, mzee wangu."

Mwenye machinjio naye alikuwa ameona. Akamsogelea daktari, akashusha sauti. "Ni mmoja tu. Tunamtoa, mambo yanaisha."

Mwanahija akamgeukia mchinjaji. Mhuri ulikuwa bado mkononi, wino ukimchafua vidole.

"Mzee, leo umewaona wengine waliojielekeza wenyewe?"

"Wengi, mwanangu," mzee alisema, uso umemkunjuka kwa furaha. "Tangu lile tenga la kwanza. Nikajua tu, mzigo huu una baraka."