Kipimo Kinashuka Siku za Kazi

Saba nukta saba, tena! Karani alisonya, akakifuta kipimo kwa upindo wa gauni lake. Asubuhi alikiacha kikisoma nane nukta mbili, maji yako sawa kabisa. Sasa ni saa kumi na moja jioni, katoka kazini na njaa yake, pH imeanguka, maji yanaelekea kwenye asidi, na matumbawe yamejikunja, yamepauka.

Tangi lile la maji ya bahari lilikuwa la mwanawe wa pekee, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo miaka miwili iliyopita, na ufunguo wake wa nyumba mfukoni. "Mama, nikirudi niyakute hai," alimwambia. Basi mama mtu akajifunza kupima chumvi, akajifunza mambo ya taa, akajifunza na majina ya samaki wasio na shukrani. Matumbawe yakifa, kijana atarudia nini? Nyumba yenyewe ina mtu mmoja na ukimya tele.

Ajabu ni kwamba Jumamosi na Jumapili, akishinda nyumbani, kipimo hakitikisiki.

"Labda matumbawe yanaionea wivu kazi yangu," alimtania fundi wa matangi.

Fundi hakucheka. Alikwishabadilisha pampu, akaongeza chokaa, wapi! "Mchana taa zikiwaka pH hupanda, mama. Yako inashuka. Madirisha unafunga?"

"Nikitoka nafunga yote. Wezi hawana likizo."

"Basi hiyo ni pumzi. Watu wakipumua ndani ya nyumba iliyofungwa, ile hewa chafu huingia kwenye maji, ikayatia asidi. Mchana mnabaki wangapi humu?"

"Abaki nani? Naishi peke yangu."

"Mmh," fundi akasema, akakusanya vyombo vyake.

Ile "mmh" ilimkosesha usingizi siku mbili. Ofisini hakumwambia mtu. Pale kila mmoja alimjua kama mama wa kijana wa ng'ambo, na ni yeye mwenyewe aliyewachosha kwa sifa: mwanangu ana ofisi yake, mwanangu ana kiti kinachozunguka. Leo aseme nyumba yake ina mashetani? Wangemcheka mpaka astaafu.

Ijumaa saa nne aliomba ruhusa, akarudi nyumbani. Akafungua mlango taratibu, akachungulia sebuleni. Alisimama pale akisikiliza mkoromo. Kisha akaurudisha mlango bila kelele, akaenda zake kazini, akajifungia chooni, akalia.

Jioni alimpigia fundi. "Usihangaike kuja tena. Shida nimeiona."

Jumapili simu ya mwanawe ikaita, kama ilivyoita kila Jumapili. Ilikuwa sauti tu; mtandao wa huko, alisema kijana, haubebi picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kazi inaendaje?"

"Ofisini hakuna neno. Ila baridi ya huku, mama, wee acha tu! Matumbawe yangu je?"

Karani alilitazama tangi. Aliona huruma, na haya pia, kwa zile sifa zote alizokuwa akimwaga.

"Pole na baridi, baba. Kesho ukitoka lindoni na hiyo sare yako ya ulinzi, chakula kipo jikoni, kipashe moto. Na ufungue dirisha moja kabla hujalala hapo sebuleni. Matumbawe yako yanakosa hewa."