Mbeleko ya Mtaa

Desturi ya mtaa ule ilikuwa moja: kila mzazi huipokea mbeleko ileile ya kubebea mtoto kwa aliyemtangulia. Lakini maisha yalipokuwa magumu watu waliacha kuzaa, na mbeleko ikakaa miaka sita sandukuni kwa Bi Mize, mkunga. Siwema alipobisha hodi, Bi Mize alidhani anajua kilichomleta. Mume kamkimbia, na mtaa mzima unamwambia aitoe mimba.

“Mwanangu, dawa hizo mimi sina.”

“Sikufuata dawa, bibi. Nimefuata mbeleko.”

Bi Mize akafungua sanduku. Wanaume barazani walikuwa wakibishana mwaka wa pili sasa nani azae, nani asizae. Huyu hakubishana na mtu.

Bi Mize akaifua mbeleko kwa mikono yake mwenyewe, akaianika upande wa barabarani, mkabala na baraza. Maji yakawa yanadondoka vumbini, na barazani mabishano yakakoma.