Mwiba wa Samaki

Ugali kwenye sahani ya Mzee Hizza ulikuwa donge moja tu, kama ngumi ya mtoto. Miezi minne ilikuwa imepita tangu daktari amwambie kwamba sukari ndiyo iliyomtia ukungu machoni. Tangu siku hiyo mkewe, Mwanahawa, akawa anamjazia sahani kwa mchicha, bamia na samaki. Mzee alikula kwa kununa, lakini alikula.

Adhuhuri hiyo Mwanahawa alinyoosha mkono amtolee miiba, kama alivyozoea.

"Acha, Mama Nuru," alisema mumewe. "Naiona."

Akauchomoa mwiba mmoja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mwembamba kama unywele, na ncha yake iling'aa. Aliugeuza taratibu, akasahau kula. Kisha akamgeukia mkewe, akamtazama kwa muda mrefu.

"Nyusi zako zimeingia mvi lini?"

"Mwaka jana," Mwanahawa alijibu kwa sauti ndogo. "Sikukwambia."

Mzee Hizza akanyoosha kidole kinachonukia samaki, akakipitisha polepole juu ya nyusi zile nyeupe, naye Mwanahawa akafumba macho.