Maji ya Mashine ya Mkonge

"Weka sahihi hapa, Mzee Mwandoe, tumalize," meneja alisema, macho yake kwa kompyuta.

Barua ilisema baba ndiye huzima maji ya mashine ya mkonge. Wiki hiyo yalikuwa yamekatika mara nne, na nyuzi zikatoka chafu. Akiweka sahihi, hana kazi.

"Sijagusa kitu," baba alisema. Alikuwa amechoka hata kubishana. "Programu inayofungulia mashine maji ni ile ya zamani. Nyinyi ndio mmeiweka kwa hii kompyuta mpya ya Windows."

"Sasa Windows ndio inalala kazini?"

Mimi nilikuwa nimeleta chakula. Nilisimama mlangoni nyuma ya meneja, mahali ambapo skrini inaonekana. Pete ilikuwa imembana mpaka kidole kimevimba, na kidole hicho kilikuwa kinabonyeza mausi. Akaificha programu ya maji, akafungua mchezo wa karata.

Nje, maji yakanyamaza. Mashine ikabaki inasaga kavu, inalia.

Akaweka saba nyekundu juu ya nane nyeusi. Halafu akafunga karata, akarudi kwa programu. Maji yakarudi.

Akafungua karata tena. Yakanyamaza tena.

"Unasikia?" meneja alimwambia baba. "Vijana wako huko mashineni wameanza."

Baba akavuta ile barua karibu, akachukua kalamu.

Nikaweka chakula sakafuni.

"Baba, ngoja," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mwambie meneja afunge hizo karata."