Ukoko wa Mwanaidi

Bima yetu hulipia upasuaji wa kupunguza tumbo kwa sharti moja: ndani kiwekwe kidude cha kumjibia mgonjwa wakati wa kula, tena kwa sauti yake mwenyewe. Wajanja wale! Mke wangu Mwanaidi alikubali, maana magoti yalimtesa. Sasa anapanda ngazi akiimba, mimi nyuma yake nahema, naona fahari.

Leo nimempikia wali wa nazi, nikamkwangulia ukoko tunaougombania tangu tuoane. Akaumaliza mara moja.

"Nikuongeze, mama?"

"Nimeshiba, mume wangu. Ahsante."

Nikafunika sufuria huku natabasamu. Nilipogeuka, mdomo wake ulikuwa umefumbwa, na bado ameninyooshea sahani.