R, Pengo, BA

Wewe, umewahi kumtafuta mtu kwa jina lisilotimia? Wankyo alimtafuta hivyo, mwaka wa sabini na nne, watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, kila mmoja na sufuria yake.

Alifika Kisorya kwa miguu, kichwani mkeka, jembe na sufuria yenye mfuniko usio wake. Silasi, katibu wa kijiji, alikuwa barazani na daftari.

"Shikamoo, mama. Tua mzigo."

"Marahaba, mwanangu. Kwanza nitafutie mume wangu, Ryoba."

Silasi akapitisha kidole. "Hayumo."

"Si hivyo. Makarani wanaandikaga wanavyosikia, na yeye anajibadilishaga jina." Akaandika mchangani kwa kidole cha mguu, kama walivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima: R, mstari, BA. "Anzia hapa, ishia hapa. Katikati kuwe chochote. Pengo, kama hili langu."

Akafunua mdomo. Meno mawili ya juu hayakuwapo. Silasi akacheka. Yeye hakucheka.

"Umeanzia wapi?"

"Butiama. Alikuwemo Rioba mmoja. Guta, wawili."

"Uliwaona?"

"Katibu alituma mtu akawaite. Nikaondoka."

Amekwisha kuchoka kungoja, Silasi aliwaza. "Usikate tamaa, mama. Tutampata."

Akasoma nyumba kwa nyumba, zote mia mbili na kumi na mbili, huku jua likipanda ukutani. Ukurasa wa tisa kidole kikasimama.

"Rugaba. Huyu je?"

Mkono wa Wankyo ukapanda, ukashika mzigo. "Mrefu?"

"Mfupi. Mzee wa Kihaya, fundi baiskeli. Jicho moja halioni."

Mkono ukashuka. "Siye. Endelea."

Daftari likaisha. Silasi akalifunga polepole, akakosa pa kutazama.

"Pole sana, mama. Hayumo. Labda uvuke Ukerewe. Boti inaondoka saa nane."

"Soma tena."

Akasoma tena, mwanzo hadi mwisho. R na BA, katikati chochote. Hakuna.

Wankyo akautua mzigo. Akafuta mchanga kwa unyayo, akakaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu.

"Basi niandike hapa," akasema. "Nilikuwa natafuta kijiji ambamo hayumo."