Tapeti za Gari la Mkwe

Alama ya rangi ilikuwa imekatika katikati. Nusu yake ilibaki juu ya nati, nusu nyingine juu ya skrubu, na hazikutazamana tena. Fundi Sikio aliifuta kwa kitambaa, akainama karibu zaidi. Nati hailegei namna hiyo kwa mtikisiko wa barabara. Hii ilikuwa imezungushwa kwa spana.

Gari lilikuwa la mkwewe, mume wa binti yake, kuukuu kuliko ndoa yenyewe, na lilikuwa limemkosesha raha tangu mvua zilipoanza. Lilikuwa likija gereji likigonga ta-ta-ta-ta kama cherehani yenye sindano iliyopinda. Mtaani walimwita Sikio kwa sababu aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akakutajia ugonjwa kabla hujamaliza kueleza. Mara ya kwanza hakupoteza muda. Tapeti, vile vyuma vidogo vinavyofungua valvu, zilikuwa zimelegea, na kila zilipoishukia valvu, chuma kiligonga chuma. Alifungua kifuniko cha injini, akapima nafasi kwa kibati chembamba, akakaza, gari likanyamaza.

Halikukaa. Lilirudi likigonga vilevile. Akadhani oili haipandi juu, akapima, inapanda. Akadhani shafti inayosukuma valvu imelika; akapitisha kidole juu ya matuta yake moja baada ya jingine, hayana hata mkwaruzo. Akakaza tena, likarudi tena. Ndipo alipotia alama za rangi kwenye nati, bila kumwambia mtu.

Mkwewe hakuwa mtu wa lawama. Alikuwa mpole, salamu zake ndefu, akikupa mkono anainama. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Kila mara alisema tu kwamba limeanza tena, akatabasamu. Lakini safari hii hakutabasamu. Alisema kelele hiyo imemchosha, inamvunjia heshima. Mwanamume hawezi hata kurudi kwake bila watu kujua tangu kona.

Sikio alimshuku fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hawakuwa wakiiva naye chungu kimoja. Alimfuata kazini kwake, akamwambia mbele ya wateja kwamba mchawi wa gari la mkwewe amejulikana. Yule fundi hakukasirika hata kidogo. Aliendelea kufunga gurudumu, akauliza, "Gari hilo linalala kwangu au kwenu?"

Sikio aliondoka akinung'unika, lakini swali lilimkaa moyoni kama mwiba wa samaki. Akaamua kwenda kulitengeneza huko huko nyumbani kwa mkwe, na kulimaliza.

Alifika Jumapili mchana na nati mpya zinazojibana zenyewe, na gundi ile ya kushikia skrubu ambayo ikishakauka haifunguki ila kwa moto. Wajukuu walikuwa uani, wanarushiana mpira na kupiga kelele za kila aina. Mkwe akatoka, akawasha injini ili ugonjwa usikike. Ilipogonga tu, watoto waliokota mpira, wakaokota na viatu vyao, wakaingia ndani bila kuambiwa. Sikio alifurahi sana. Watoto wa siku hizi, ukiwakuta na adabu ya namna hiyo, ujue wamelelewa.

Injini ikaachwa ipoe. Binti yake akamletea chai, akasimama pembeni akiwa amekumbatia sinia tupu. Alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyekulia gereji kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia, akijua saizi za spana kabla hajajua kusoma.

"Liache tu, baba," alisema. "Gari la zamani lazima liwe na neno."

Sikio alicheka. Akamwambia kumbe ndoa imemsahaulisha kazi. Gari lenye neno ni gari gonjwa. Binti alichukua kikombe kabla chai haijaisha, akaingia ndani.

Kazi ilichukua muda, maana mikono yake haikuwa tena ile ya zamani. Alipima, akakaza, akatia gundi, akapima tena. Mwishowe mkwe alipowasha, injini ilivuma taratibu kama mtu aliyelala usingizi mzito. Mkwe alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru mpaka Sikio akaona haya. Kisha akaomba akalijaribu kidogo barabarani. Lilitoka getini kama paka.

Watoto walirudi kwenye mchezo wao, sasa sebuleni. Sikio aliingia jikoni kunawa grisi. Binti yake alikuwa amesimama kwenye sinki, bomba liko wazi, hana anachoosha.

"Mambo yamekwisha, mama," Sikio alimwambia, akijipangusa. "Sasa hata likifika mlangoni hamtalisikia."

Binti akafunga bomba. Alinyoosha mkono nyuma ya debe la unga, akatoa spana ndogo ambayo baba yake alidhani iliibiwa gereji, akamwekea kiganjani.

"Ni mimi niliyekuwa nazilegeza, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Likigonga tangu kona, nawahi kuwafungia watoto chumbani kabla baba yao hajaingia."

Sikio alifungua kinywa. Sebuleni watoto walikuwa wanacheka kwa nguvu. Mara kicheko kikakatika, na hakuna aliyekuwa amesikia gari likirudi.